Kompyuta ya Siku Saba

Rogathe alirudi kwao Mamba, kijiji cha milimani Upare, likizo ya mwezi wa sita, mwaka tisini na saba, akiwa na begi la nguo, bomba la karatasi za kuchorea, na ombi moja ambalo alikuwa amelibeba kifuani tangu Dar es Salaam bila kumwambia mtu. Alisubiri siku mbili. Siku ya tatu, mama yake, Raheli, alipokuwa anaosha tangawizi kwenye mfereji nyuma ya nyumba, alichuchumaa karibu yake, akachukua mizizi miwili mitatu akaisugua kwa kidole gumba, kisha akasema bila kumtazama:

"Mama, nahitaji kompyuta."

"Si mnayo chuoni?"

"Ya chuo ni moja na sisi tuko thelathini na wawili. Napata saa mbili kwa wiki. Nahitaji ya kwangu, ya kupakata."

Raheli aliacha kusugua. "Kupakata?"

"Ni ndogo, inafungwa kama kitabu. Unaiweka mapajani."

"Kumbe inapakatwa," alisema Raheli. "Na inalia?"

Walicheka wote wawili, lakini Rogathe hakuwa anatania. Alikuwa mwaka wa pili wa usanifu wa michoro, na wenzake walikuwa wameshaanza kupata kazi zao wenyewe nje ya chuo: kadi za harusi, lebo za sabuni, matangazo ya magazeti mapya yaliyokuwa yanazuka kila mwezi. Kazi nyingi zilikwenda kwa Asheri, kijana wa darasani kwao ambaye mjomba wake alimletea kompyuta ya kupakata kutoka Ulaya. Asheri hakuwa mtu mbaya. Alimwambia tu alichokiona: "Mkono wako ni mzuri kuliko wangu, Rogathe, lakini mkono ni mambo ya zamani. Mteja akikuona na penseli, anakupa hela ya penseli." Maneno hayo yalimkaa. Tangu siku ile alianza kuficha madaftari yake ya michoro, kama mtu anavyoficha viatu vilivyotoboka.

"Bei gani?" aliuliza Raheli.

Rogathe aliitaja. Ilikuwa milioni moja na laki mbili. Raheli alirudia kusugua tangawizi, akasugua kwa muda mrefu mzizi ambao tayari ulikuwa safi.

"Tuna mtamba," alisema mwishowe. "Na tuna tangawizi hii. Lakini siuzi mnyama kwa kitu ambacho sijakiona kwa macho."

Baba yake, Nathanaeli, aliambiwa wakati wa kula makande. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alifanya kazi miaka kumi na mitano kwenye shamba la katani kule tambarare, akiwa stoo, akipiga alama za shamba kwenye marobota ya katani kwa bati lililotobolewa herufi. Mwaka themanini na sita shamba lilipunguza watu, naye akapanda mlima na sanduku lake la mbao kuja kulima na mkewe. Tangu hapo kuongea kulimpungua.

"Kaangalieni," alisema, akajiongezea makande.

*

Alhamisi mama na binti walishuka Same. Rogathe aliikumbuka Same ya utoto wake: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, na duka moja ambalo halikuhitaji hata kibao, maana hakukuwa na lingine la kulichanganya nalo. Sasa barabara kuu iendayo Moshi ilikuwa imepangwa maduka pande zote mbili, mengine yakiwa bado yananuka saruji. Yaliuza redio, mitumba, vipuri, vyombo vya plastiki vya kila rangi. Kila mwenye duka alikuwa ameandika jina lake mwenyewe juu ya mlango, na kila mmoja alikuwa ameishiwa nafasi kabla hajalimaliza.

Duka la Abdulmajid lilikuwa karibu na stendi. Alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya viua na sauti ya kuchangamka, ambaye alikuwa amenunua tangawizi kwa Raheli miaka mingi, enzi ambazo alikuwa anauza chumvi na kiberiti tu.

"Shikamoo, baba," alisema Rogathe.

"Marahaba, binti. Huyu ndiye msomi? Karibuni ndani, karibuni."

Kompyuta ilikuwa kwenye kabati la kioo, kati ya chupa za chai na pasi za umeme. Mpwa wa mwenye duka alikuwa ameileta kutoka Dubai. Abdulmajid aliifuta vumbi kwa kiganja, akaifungua, akaiwasha. Ilivuma kama nyuki ndani ya mzinga, kisha kioo kikajaa mwanga wa kijivu. Rogathe aliivuta karibu. Alibonyeza huku na huku, akakuta programu ya kuchorea, akachora mstari mmoja. Mstari ulitoka umenyooka, mweusi, hauna shaka. Raheli alikuwa anamtazama mwanawe badala ya kutazama kioo.

"Miezi mitano iko hapa," alisema Abdulmajid. "Watu wanaigusa, wanauliza bei, wanaondoka na redio. Sikiliza, Mama Rogathe. Nakufahamu, na unanifahamu. Naichaji ijae, mnaipandisha kwenu, mnakaa nayo siku saba. Ikiwafaa, tutazungumza. Isipowafaa, Alhamisi ijayo irudi hapa. Lakini nakuombeni mrudishe na mfuko wake, maana ule mfuko umeshapata mteja."

Lori la kurudi lilipitia kijiji cha Kisiwani, likakata tambarare lenye miiba, kisha likaanza kupanda. Raheli alikaa mbele na kompyuta mapajani, ameifunga kwa kanga isiingie vumbi, mkono mmoja ameuweka juu yake kila gari liliporuka. Bibi mmoja aliyekaa kando yake alivumilia hadi kona ya tatu. Kisha aliifunua kanga taratibu kwa ncha ya kidole ili amwone mtoto. Alitazama. Akafunika haraka, akasema kwa adabu, "Mungu amkuze."

*

Habari za kompyuta zilifika kijijini kabla ya jua kuzama. Kesho yake asubuhi alikuja mzee Eliakimu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa tangawizi, mtu mfupi, mkakamavu, ambaye hata akikaa alionekana kama yuko njiani. Hakuja kuishangaa. Alikuja na kazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia una mashine ya kuchora. Sisi tunataka alama."

Alieleza kwamba tangawizi yao ilikuwa inashuka Dar es Salaam kwenye magunia yasiyo na maandishi. Ikifika Kariakoo inamwagwa pamoja na ya kila mahali, na anayenunua hajui anachokula kimetoka wapi. Sasa kuna mfanyabiashara, mama mmoja anayeitwa Bi Ummy, ametuma salamu kwamba anakuja mwenyewe Jumatano. Anataka tangawizi ya Mamba peke yake, na anataka magunia yawe na alama ambayo wateja wake wataiona kwa mbali na kuiuliza.

"Mnataka alama gani?" aliuliza Rogathe.

"Kama tungejua, ningekuja kwako?"

Ilikuwa kazi yake ya kwanza. Aliingia chumbani, akafungua kompyuta, akaanza. Umeme ulikuwa haujapanda huku mlimani, kwa hiyo aliigawa ile betri kama mtu anavyogawa maji safarini: anachora dakika kumi, anazima, anafikiri, anawasha tena. Kiduara cha kusogezea mshale kilikuwa kigeni kidoleni. Mzizi wa tangawizi ulitoka kama mguu wa kuku. Aliufuta. Ukatoka kama mguu wa mtu. Kufikia Ijumaa jioni alikuwa na kitu ambacho ukikitazama kwa wema ni tangawizi, na chini yake neno MAMBA kwa herufi za kompyuta zilizokaa sawasawa. Alijiambia imetosha. Kitu kizuri kilichonyooka namna hii, nani atakikataa?

Mkutano uliitishwa Jumapili mchana, baada ya wanaosali Jumamosi kuwa wameshasali na wanaosali Jumapili kuwa wametoka kanisani. Watu zaidi ya arobaini walijaa kwenye ghala la kikundi, jengo refu la matofali lenye kuta zilizopakwa chokaa. Rogathe aliiweka kompyuta juu ya gunia, akaifungua. Minong'ono ilikata.

"Mimi naona giza tu," alisema mtu wa kushoto.

"Sogea hapa katikati," alisema Rogathe. "Inaonekana ukiwa mbele yake."

Wakasogea wote katikati. Walioko nyuma wakalalamika. Basi ikaamuliwa kompyuta ndiyo iwafuate watu, na ikaanza kupita mkono kwa mkono, kila mmoja akiipakata kidogo, akiinamisha, akikunja uso, huku Rogathe akiifuata kwa mikono iliyonyooshwa mbele kama mama aliyeazimwa mtoto.

"Ni mguu wa kuku," alisema mmoja.

"Ni tangawizi, soma hapo chini."

"Nimesoma. Imeandikwa Mamba. Haijaandikwa si kuku."

Ilikuwa mikononi mwa Evaline, jirani yao, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya bonde, kioo kilipofifia, kikaangaza mara moja, kikazimika. Evaline aliishikilia mbele yake bila kupumua.

"Sijafanya kitu," alisema.

Mzee Eliakimu aliisogelea, akaitazama kwa makini. "Imelala?"

"Betri imekwisha, babu," alisema Rogathe. Uso ulimuwaka. Aliona miezi yote ya kutamani na kuota imekwisha pale, mbele ya kila mtu anayemfahamu tangu anatambaa. "Mpaka ishuke Same ikachajiwe."

"Basi iache ipumzike. Wewe umechoka?"

"Hapana, babu."

"Basi tuonyeshe wewe."

Alisimama kidogo, hajui aweke mikono wapi. Kisha akaenda kwenye mafiga ya chai nje ya mlango, akaokota kipande cha mkaa kilichopoa, akarudi, akausogelea ukuta mweupe wa ghala. Alichora mzizi mmoja mkubwa kama mtu aliyenyoosha mikono. Mkono wake, ambao alikuwa ameuonea haya mwaka mzima, ulikwenda bila kumwuliza.

"Hiyo sasa ni tangawizi," alisema mtu.

"Bado. Ya kwetu ina vidole vinene zaidi."

"Subiri, nimletee moja aione!"

Waliletewa tangawizi tatu, kila mwenyewe akidai ya kwake ndiyo mfano. Rogathe alifuta kwa kiganja, akachora tena. Mwingine akataka kidole cha katikati kipande juu. Akakipandisha. Mwingine akataka cha kushoto kiteremke. Akakiteremsha. Kelele zilikuwa nyingi na kila mtu alikuwa amesimama, na Rogathe alikuwa anacheka, mweusi wa mkaa hadi viwiko. Kisha akarudi nyuma hatua tano ili aone, na watu wakarudi nyuma naye, na kelele zikapungua zenyewe.

"Jamani," alisema Raheli kutoka mlangoni. "Mbona hiyo ni milima yetu?"

Ilikuwa kweli. Vidole vya tangawizi vilikuwa vimejipanga kama vilele vinavyoonekana mtu akiwa kule chini tambarare, kimoja kirefu katikati na vingine vikishuka kila upande. Hakuna aliyekusudia, hata Rogathe mwenyewe. Mzee Eliakimu alivua kofia.

"Usiguse tena," alisema. "Hata kidogo."

*

Sasa ilibaki kuihamisha kutoka ukutani hadi kwenye magunia mia moja na arobaini, na Jumatano ilikuwa imekaribia. Jumatatu Rogathe alikata boksi la katoni kwa wembe, akatoboa umbo la mzizi na herufi tano za jina. Evaline alileta rangi ya kijani iliyobaki alipopaka madirisha yake, na burashi. Gunia la kwanza lilitoka vizuri. La pili vizuri. La nne rangi ilivuja pembeni, na kufikia la sita katoni ilikuwa imelowa, imelegea kama chapati, na alama ilikuwa doa la kijani lisilo na sura.

Rogathe aliketi chini katikati ya magunia. Alifikiria mashine za kuchapia alizoziona Dar es Salaam, akafikiria Asheri, na machozi yakamlenga.

Hakujua baba yake alikuwa amesimama mlangoni kwa muda gani. Nathanaeli aliingia, akainama, akalishika gunia la sita, akalinusa kwanza kama alivyozoea kunusa katani, kisha akatazama burashi.

"Umepaka," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Usipake. Ukipaka, rangi inaingia chini ya bati. Gonga." Alimgeukia Evaline. "Mama, una godoro la sponji?"

"Ninalo, lakini ninalilalia."

"Nahitaji kona tu."

Evaline alicheka hadi akashika ukuta, akaenda, akarudi na kona ya godoro lake. Nathanaeli aliikata vipande, akachovya kimoja kwenye rangi, akakikamua, akagonga juu ya katoni kwa vidole vyepesi, tap, tap, tap. Rangi ilikaa bila kuvuja. Lakini katoni ilikuwa imeshakufa.

"Sisi tulikuwa na bati," alisema. "Bati linaweza herufi. Hizi kona za mviringo haliziwezi. Tunataka kitu chembamba, kigumu, kisichonywa rangi."

Walifikiri wote. Walijaribu kifuniko cha ndoo, kilipasuka. Walijaribu karatasi iliyopakwa nta ya mshumaa, ilikunjamana. Mzee Eliakimu, aliyekuwa ameketi juu ya mizani akifuatilia kila jaribio, alinyanyuka ghafla akaondoka bila kuaga. Alirudi baada ya nusu saa, jasho linamtiririka, na bahasha kubwa ya kaki kwapani. Alitoa kutoka ndani yake kitu cheusi, kinachong'aa, kilichokuwa kinalialia kila kilipopinda. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango. Zikaonekana mbavu za mtu, zote, nyeupe, zimepangika.

"Za nani hizo?" aliuliza Evaline kwa hofu.

"Zangu. Nilipoanguka na mzigo wa ndizi kule kwenye mteremko, nikapigwa picha ya eksirei. Miaka tisa nimeziweka chini ya godoro." Alimkabidhi Rogathe. "Haziumi tena. Kata."

"Babu, ni kumbukumbu yako."

"Kumbukumbu ya kuvunjika? Kata, mjukuu wangu."

Rogathe alikata. Wembe uliteleza kwenye ile filamu kama unateleza kwenye siagi, na kila kona ilitoka kama alivyoitaka. Alama ilikaa katikati ya kifua cha mzee, vilele vitano kati ya mbavu. Walipogonga gunia la kwanza na kuiinua filamu, wote walipiga kelele pamoja.

Kufikia Jumanne asubuhi walikuwa na filamu tatu. Evaline alileta ya goti la marehemu mama mkwe wake, na mtu mwingine akaleta ya bega ambalo hakumbuki ni la nani. Safu tatu za watu zilijipanga ghalani: mmoja ananyoosha gunia, mmoja anashika filamu, mmoja anagonga. Nathanaeli alipita katikati yao. "Kamua kwanza. Mkono mwepesi. Wewe, unagonga kama unatwanga kisamvu, punguza." Alisema mengi siku ile kuliko mwezi mzima uliopita. Kila aliponyamaza, mtu alimwita: "Baba Rogathe, njoo uone hili." Wanakwaya wawili walianza kuimba kwa kufuata mapigo ya sponji, na wengine wakadakia. Raheli alipika chai ya tangawizi kwenye sufuria la harusi. Adhuhuri ilikuta magunia mia moja na arobaini yanakauka juani kwenye nyasi, na bado watu walikuwa na hamu. Basi Evaline akagonga alama kwenye aproni yake. Mtu akagonga kwenye mlango wa ghala. Mwingine kwenye ngoma ya kwaya, mwingine kwenye toroli, na jioni ng'ombe mmoja alionekana akishuka kwenda kunywa maji na milima ya Upare ya kijani kwenye paja lake.

*

Bi Ummy alifika Jumatano saa nne asubuhi, mwanamke mnene mwenye miwani na buibui lililofunikwa vumbi, kwenye lori lililoendeshwa na dereva aitwaye Kurwa. Alisalimia kila mtu, akakataa kiti, akaenda moja kwa moja kwenye magunia yaliyokwisha kujazwa. Alifungua moja, akavunja tangawizi, akainusa, akatafuna kipande bila kukunja uso. Kisha akalifunga, akaona alama, akarudi nyuma. Aliinua miwani, akaishusha.

"Nani amechora hii?"

Rogathe aliinua mkono kama yuko darasani.

"Mimi nimezaliwa Kisiwani," alisema Bi Ummy. "Kila asubuhi nikifungua mlango wa mama yangu, hiki ndicho nilichokuwa nakiona." Aligusa gunia kwa kiganja. "Nayachukua yote. Na yanayofuata yawe hivi hivi. Mmechapia wapi, Nairobi?"

"Kwenye mbavu zangu," alisema mzee Eliakimu, na kicheko kilichofuata kilimlazimu Bi Ummy kukaa kwenye kile kiti alichokikataa.

Magunia yalipokwisha kupakiwa, Kurwa alizunguka lori lake mara mbili, akajikuna shingo, akasema kwamba si haki magunia yawe na alama na gari liwe tupu kama mkokoteni. Safari ilicheleweshwa saa moja. Nathanaeli aligonga mlango wa kulia, Rogathe akagonga wa kushoto, halafu kwa burashi akaandika juu ya kioo cha mbele jina alilolitaka Kurwa mwenyewe, PACHA WA BARABARA.

Kesho yake Alhamisi Rogathe alikuwa Same dukani kwa Abdulmajid, kompyuta mkononi, na mfuko wake.

"Haikufai?" aliuliza Abdulmajid.

Rogathe alikuwa amejiandaa njia nzima kwa jibu hilo, na bado alifikiri kabla ya kulitoa. "Inafaa, baba. Inafaa sana. Ila kazi inayoitaka hii haijanifikia. Kazi zilizonifikia zimeutaka mkono. Siku itakapofika yenyewe, nitarudi, na nitakuja na hela yangu, mtamba wa mama abaki."

Abdulmajid aliirudisha kabatini kati ya chupa za chai. "Nitakutunzia," alisema. "Si kwa hiari yangu. Hakuna anayeitaka." Kisha alitoka nje naye, akanyoosha kidole juu ya mlango wake, ambapo jina lake liliishia kwenye ABDULMAJ. "Lakini na hili nalo, msomi, utaniacha nalo hivi?"

Ndivyo likizo ilivyokwenda. Alianza na ABDULMAJID zima, likafuata duka la vipuri, kisha fundi cherehani, kisha nyumba ya wageni. Kompyuta ya kwake aliinunua miaka miwili baadaye, alipopata kazi ya kalenda yenye picha kumi na mbili kwa mteja wa Moshi ambaye aliitaka kwenye diski. Aliinunua kwa fedha zake, na haikuwa hata ya bei kubwa. Kalenda ile aliifanya pamoja na Asheri. Asheri alipanga kurasa, yeye akachora, na siku ya kwanza Asheri alipoona madaftari ya Rogathe yamefunguliwa mezani kwa wote kuyaona, alisema tu, "Niazime hilo la juu."

Lakini kazi anayopenda kuisimulia ni ya wiki ya mwisho ya likizo ile. Mwanamke mmoja aitwaye Lukia alikuwa anafungua hoteli ya chakula karibu na stendi. Angefungua Jumatatu. Alimwomba Rogathe amchoree sahani ya pilau ukutani, upande wa barabara, ikauke mapema. Rogathe alipanda ngazi Ijumaa asubuhi. Alichora wali wa kahawia, nyama, kachumbari pembeni, ndimu iliyokatwa. Mwisho akaongeza moshi, mistari mitatu myeupe inayopanda na kupinda. Alikuwa anamalizia wa tatu basi la Arusha liliposimama.

Watu kumi na saba walishuka, wakatazama ukuta, wakaingia ndani moja kwa moja, wakakaa.

"Hatujafungua!" Lukia alisema.

"Mbona pilau liko tayari?" aliuliza mzee mmoja, ameshanawa mikono.

Lukia alitoka mbio hadi chini ya ngazi, kilemba kimelegea, anacheka na kulia kwa pamoja. "Binti, umeniponza! Shuka! Mchele ninao, nyama naipata pale, vitunguu vile pale kwenye gunia, lakini sina mtu wa kumenya!"

Rogathe alishuka, akafuta mikono kwenye sketi, akavuta kigoda, akachukua kisu na kitunguu cha kwanza.